Huduma Imfuate Mtoto, Isimsubiri Langoni

Hotuba iliyotolewa Kisumu mbele ya walimu wakuu, wakurugenzi wa shule za binafsi, wazazi na wahudumu wa afya ya jamii

Bwana Mwenyekiti, walimu wakuu, wakurugenzi wa shule za binafsi, wahudumu wa afya ya jamii na wazazi wenzangu, hamjambo.

Nimekuja na mkebe. Ni mkebe wa kawaida wa maziwa ya unga, na ndani yake mna punje za mahindi zisizozidi ishirini. Kwa miaka mingi niliyofanya kazi ya ualimu wa kuzunguka, nikitoka shule hadi shule kupima watoto, mkebe huu ndio uliokuwa chombo changu cha kwanza cha kupimia masikio, kwa sababu mashine yenyewe ilikuwa moja, ilikaa ofisini, na mara nyingi ilikuwa ikisubiri betri. Unamketisha mtoto akitazama mbele, unasimama nyuma yake hatua tatu, unautikisa mkebe upande wa kulia, unanyamaza kidogo, kisha unautikisa upande wa kushoto. Mtoto anayesikia hugeuka. Hiki si kipimo cha hospitali, na sijawahi kuandika cheti kwa kutegemea mkebe. Kazi yake ni kuniambia ni mtoto gani niendelee naye.

Nimeubeba leo kwa sababu ya alasiri moja ya mwezi wa Aprili mtaani Nyalenda. Nilikuwa nimetoka katika shule ya msingi ya umma, fomu zangu nikiwa nimezifunga kwenye mfuko wa plastiki, mvua ikanikuta njiani nami nikakimbilia jengo la mabati lililokuwa karibu. Kumbe ilikuwa shule ya binafsi, yenye madarasa manne yaliyotenganishwa kwa mbao na magunia. Mnajua mvua ya Kisumu inavyopiga mabati. Mwalimu alikuwa amekwisha kata tamaa ya kufundisha, na watoto wote walikuwa wameziba masikio wakicheka, isipokuwa mvulana mmoja wa miaka tisa hivi aliyeketi karibu na nguzo, akiendelea kunakili hesabu kutoka ubaoni kana kwamba kumenyamaza kabisa.

Mvua ilipopungua nikamuuliza mwalimu habari zake. Akanijibu, “Huyo ni mkaidi. Ukimwita haitiki mpaka umguse, na darasa la pili amelirudia mara mbili.” Nikatoa mkebe wangu. Upande wa kulia hakugeuka. Upande wa kushoto ilinibidi niusogeze mkebe hadi karibu kuligusa sikio ndipo akashtuka. Nilipomchungulia nikakuta usaha wa muda mrefu, ule ambao wazazi wengi hapa kwetu huupangusa kwa pamba wakidhani ni jambo la utotoni litakaloisha lenyewe. Mtoto hakuwa mkaidi hata kidogo. Alinakili kila kitu kilichoandikwa kwa sababu macho ndiyo njia pekee ya masomo aliyokuwa amebakiwa nayo, na mwalimu, kama wengi wetu, alikuwa na mazoea ya kueleza somo huku amegeukia ubao, kwa hiyo hata midomo mtoto hakuiona.

Mama mwenye shule, ambaye aliianzisha kwenye ploti yake mwenyewe na kupokea karo kila Ijumaa kadiri mzazi alivyojaliwa, alinisindikiza hadi barabarani. Nikamuuliza kwa nini hajawahi kumleta mtoto yule asesmenti, yaani kituoni tunakowapima watoto. Alinitazama kwa mshangao, akasema, “Mwalimu, huku hawaji watu wa elimu. Huku wanakuja watu wa leseni.”

Kutoka kwenye ploti ile hadi shule ya umma niliyokuwa nimeshinda siku hiyo hakufiki mita mia tano. Angekuwa kule, mvulana yule angeingia kwenye orodha yangu, angepata fomu ya kwenda kliniki ya masikio, angeketishwa mbele, na mwalimu wake angeonyeshwa namna ya kusimama na namna ya kusema naye. Upande huu wa barabara hakuwa kazi ya mtu yeyote. Mimi mwenyewe, nikisema kweli, nilimpima kwa sababu ya mvua, na katika ripoti yangu ya mwezi sikuwa na safu ya kumwandika.

Hilo ndilo lililonileta mbele yenu. Huduma za elimu maalum katika nchi yetu zimefungwa kwenye lango la shule, na mtoto asipopita kwenye lango linalofaa, basi huduma haimjui.

Wengi hudhani kwamba kasoro iko kwenye sheria, na kila kongamano huishia kudai sheria nyingine. Nimezisoma, na kwa maoni yangu sheria tunazo za kutosha. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Ibara ya 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia taasisi za elimu zilizounganishwa na jamii kwa kadiri inavyofaa maslahi yake, pamoja na haki ya kutumia lugha ya ishara, Breli au njia nyingine ya mawasiliano inayomfaa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza shule kumbagua mtoto anayeomba nafasi, na ulemavu umetajwa kwa jina miongoni mwa mambo ambayo hayawezi kuwa sababu. Kabla ya hapo, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 ilikuwa imesema, katika kifungu cha 18, kwamba hakuna mtu wala taasisi ya masomo itakayomnyima mtu nafasi kwa sababu ya ulemavu wake peke yake iwapo ana uwezo wa kupata elimu ya maana katika masomo hayo, na kwamba taasisi zizingatie mahitaji yake katika alama za kuingilia, mitihani, ratiba, michezo na matumizi ya majengo. Sheria hiyo ya 2003 sasa imepisha ile mpya ya mwaka 2025. Katika maneno hayo yote, hakuna panapouliza lango ni la serikali au ni la mtu.

Kuna jambo moja katika sheria hizo ambalo hunikera, nanyi mtaniwia radhi. Ile ya 2013 inasema mzazi asiyempeleka mtoto wake shuleni anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000 au kufungwa hadi mwaka mmoja. Machifu wetu wanalijua vizuri sharti hilo na hulitangaza barazani. Lakini katika miaka yangu yote ya kazi sijawahi kuona mwenye shule aliyeitwa kueleza kwa nini mzazi alimleta mtoto asubuhi, akarudishwa naye nyumbani saa nne.

Basi kama sheria zipo, huduma inakwama wapi? Inakwama kwenye hesabu za fedha na kwenye mipaka ya kazi za watu. Vituo vya tathmini na nyenzo za elimu, ambavyo sote tunaviita asesmenti, vilianzishwa mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na miaka miwili baadaye, 1986, ikafunguliwa Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya kule Kasarani, Nairobi, ili kuwaandaa walimu. Ulikuwa mpango mzuri, na bado naamini ni mzuri. Lakini mwalimu anayeketi kwenye kituo cha tathmini ameajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, nauli yake inatoka kwenye fungu la serikali likitoka, na anatazamiwa kuzungukia shule za serikali. Mgao wa elimu bila malipo, tulioanza kuupokea mwaka 2003, huingia kwenye akaunti ya shule ya umma kulingana na watoto waliosajiliwa, na mwenye ulemavu huongezewa kidogo juu ya mwenzake. Shule ya binafsi haimo. Mtoto akihama kutoka ya umma kwenda ya binafsi, hata akiwa ni yule yule, na sikio lake ni lile lile, kila kilichokuwa chake hubaki nyuma.

Nikifika hapa huwa kuna mtu wa kuniambia kwamba aliyechagua shule ya binafsi amejichagulia gharama zake. Ningelikubali neno hilo kama “binafsi” ingekuwa na maana moja. Hapa Kisumu ina maana mbili zisizofanana hata kwa rangi. Kuna shule za Milimani na za upande wa Riat, zenye mabasi ya njano na madimbwi ya kuogelea. Na kuna shule za Nyalenda, Manyatta, Obunga na Bandani, ambazo zilizaliwa kwa sababu shule ya umma ilikuwa imejaa au iko ng'ambo ya barabara kuu ambayo mtoto wa miaka sita hawezi kuivuka peke yake. Mzazi anayelipa shilingi hamsini Ijumaa hii na kukosa Ijumaa ijayo hajachagua anasa. Kwenye daftari la serikali, hata hivyo, mtoto wake na mtoto wa Riat wako kwenye safu moja.

Nimewahi kuisoma sheria ya Marekani kuhusu jambo hili, na nawaomba mnivumilie niieleze kidogo, kwa sababu ina kitu kimoja tunachoweza kukiiga na kingine cha kututahadharisha. Mwaka 1975, Rais Gerald Ford alitia sahihi sheria iliyowapa watoto wote wenye ulemavu haki ya elimu ya umma inayowafaa, bila malipo, katika nchi ambayo hadi wakati huo ilikuwa imewaacha nje ya shule zaidi ya watoto milioni moja wa aina hiyo. Kwa sheria hiyo, kila mtoto mwenye ulemavu aliye katika shule ya umma huandikiwa mpango wake wa masomo, wake peke yake, unaokubaliwa pamoja na wazazi na kupitiwa upya angalau mara moja kila mwaka. Lakini kilichonivutia zaidi ni wajibu mwingine uliomo humo, wa kumtafuta mtoto. Mamlaka ya elimu ya mahali haingoji mzazi aje. Inatakiwa kuwatafuta, kuwatambua na kuwapima watoto wote wenye ulemavu waliomo ndani ya mipaka yake, wakiwemo walio katika shule za binafsi na za dini. Gharama ya kumpima mtoto wa shule ya kanisa hubebwa na umma, kwa kuwa mtoto ni wa umma hata kama dawati si la umma.

Baada ya kumpata, mambo hubadilika. Mtoto ambaye wazazi wake wamempeleka shule ya binafsi kwa hiari yao hana haki ya kudai kila huduma ambayo angeipata katika ya umma. Kuna fungu la fedha linalotengwa kulingana na idadi ya watoto kama yeye, mamlaka hukaa na wawakilishi wa shule hizo wakakubaliana litumikeje, na mtoto huandikiwa mpango mdogo wa huduma, labda mtaalamu wa matamshi mara mbili kwa wiki. Hali ni tofauti shule ya umma inaposhindwa kabisa kumhudumia mtoto, ikambidi kumpeleka ya binafsi. Hapo ni umma unaolipa. Msije mkadhani kwamba kule ni peponi. Bunge lao liliahidi tangu mwanzo kwamba serikali kuu itabeba asilimia 40 ya gharama ya ziada, na hadi leo haijawahi kufika hapo. Wazazi wao nao hupoteza siku nyingi mahakamani wakidai huduma hizo. Nimeyataja hayo ili tuone kwamba inawezekana kutenganisha mambo mawili ambayo sisi tumeyachanganya: nani anamlipia mtoto karo, na nani ana wajibu wa kujua kwamba mtoto huyo yupo na ana shida gani. La kwanza linaweza kubaki kwa mzazi. La pili haliwezi.

Sisi wajibu wa kumtafuta mtoto tumemtwika mama. Ndiye anayembeba mgongoni hadi asesmenti, na mtoto mwenye mtindio wa ubongo akifika miaka saba mgongo huo hauwezi tena. Ndiye anayeambiwa arudi Alhamisi kwa sababu afisa yuko mkutanoni. Kwenye sensa ya mwaka 2009, asilimia 3.5 ya Wakenya walihesabiwa kuwa na ulemavu. Mwaka 2019 ikawa asilimia 2.2. Ulemavu haukupungua. Yaliyobadilika ni maswali, na watu wa chini ya miaka mitano hawamo kabisa katika hesabu hiyo ya pili. Sasa nanyi mfikirie, katika eneo letu hili la ziwa, ni mambo gani yanayomlemaza mtoto kabla ya miaka mitano: malaria inayopanda kichwani, ambayo humwacha mtoto na kifafa au bila usikivu, manjano ya siku za kwanza ambayo haikutibiwa mapema, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, homa ya uti wa mgongo, na selimundu (ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu), ambayo huku Magharibi na Nyanza tunaijua kuliko wenzetu wengi, na ambayo inaweza kumpoozesha mtoto upande mmoja kwa kiharusi akiwa bado wa chekechea. Watoto hao wanajulikana. Wamelala kwenye wodi zetu, wana kijitabu cha kliniki chenye jina na namba. Hakuna anayeichukua namba hiyo kutoka hospitalini na kuipeleka kwa mwalimu.

Mnaoketi safu za nyuma na fulana zenu, nyinyi wahudumu wa afya ya jamii, ndiyo maana niliomba mwalikwe. Tangu Septemba 2023 nyinyi mmekuwa zaidi ya 100,000 nchini kote, mna simu za kazi na mikoba ya vifaa, na mnabisha hodi kwenye nyumba ambazo mwalimu hajawahi kuzikanyaga. Mnajua mlango ambao mama huufunga upesi anapoona mgeni. Hamuulizi kama mtoto ni wa shule ya umma au ya mtu. Kama kuna watu katika kaunti hii wanaoweza kumtafuta mtoto jinsi sheria ile ya Marekani inavyotaka, ni nyinyi, na wala haitadai ofisi mpya.

Sasa nirudi kwa wenye shule, wa aina zote mbili, kwa kuwa kumtafuta mtoto hakufai kitu ikiwa akipatikana atarudishwa.

Namna za kumrudisha ni nyingi na karibu zote ni za adabu. Katika shule ya umma husemwa, “Hatuna mwalimu wa hao.” Kumbe mara nyingine mwalimu yupo, amesomea elimu maalum kwa fedha zake mwenyewe likizo baada ya likizo, na amepangiwa darasa la watoto themanini kufundisha sayansi. Katika shule ya binafsi ya bei ya juu hawakatai. Mama mmoja wa Nakuru, ambaye mwanawe ana usonji, alinisimulia jinsi alivyokaribishwa kwa chai katika ofisi yenye kapeti, akasifiwa kwa ujasiri wake, kisha akapewa barua: mtoto anakubaliwa, ila mzazi ataajiri msaidizi wa kukaa naye darasani, atalipa chakula cha msaidizi huyo, na shule haitawajibika kwa maendeleo ya masomo. Alijumlisha akakuta ni karo mara mbili na nusu. Alilipa mihula miwili, akauza kiwanja, na muhula wa tatu akakaa na mtoto nyumbani. Hakuna aliyemnyima nafasi, na hiyo barua nimeisoma kwa macho yangu. Ukiitafuta dhambi ndani yake utaikuta kwenye kile ilichonyamazia, yaani shule yenyewe itafanya nini.

Kwa miaka mingi tulilaumu wastani wa mtihani. Walimu wakuu walihofia kwamba mtoto mmoja atashusha alama za shule kwenye KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na hofu hiyo ilikuwa ya kweli, kwa sababu wazazi walichagua shule kwa kutazama wastani. KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka 2023. Mtaala wa sasa una njia mbili: moja ya wanaofuata umri, ambamo mtoto asiyeona au kiziwi husoma yale yale na wenzake kwa vifaa vyake na kwa dakika za nyongeza katika mtihani, na nyingine ya wanaofuata hatua, yaani hatua ya msingi, ya kati, ya kabla ya ufundi na ya ufundi, kwa mtoto ambaye ulemavu wake hautamruhusu kwenda kwa mwendo wa darasa. Huyu wa pili halinganishwi na mtu. Shule inayomkataa leo kwa sababu ya wastani inaogopa kitu kilichokwisha kuzikwa.

Kuna jambo ambalo lazima niliseme kwa uangalifu, maana naona hapa wenzangu wanaotaka shule zote maalum zifungwe na watoto wote waende shule za kawaida. Tangu tamko la Salamanca la mwaka 1994 kuhusu elimu maalum dunia imeelekea huko, Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na sera yetu ya mwaka 2018 inataka elimu jumuishi. Mimi ni mfuasi wa jumuishi kwa karibu watoto wote. Lakini kwa mtoto kiziwi ninasita. Lugha ya ishara haijifunzwi kwa kutazamana na mwalimu mmoja. Hujifunzwa uwanjani, bwenini, kwenye foleni ya uji, miongoni mwa watoto wengine wanaoitumia. Wazee waliosoma shule za viziwi zamani wanakumbuka walivyochapwa viganja kwa kusema kwa mikono, kwani ilishikiliwa kwamba lazima wasome midomo, na ishara walizozijua walifundishana kwa siri usiku. Shule za viziwi za Ngala kule Nakuru, Mumias, Nyang'oma na Maseno zimebeba lugha hiyo. Ukimtoa mtoto kwenye jamii hiyo ukampeleka kuwa kiziwi pekee katika shule ya watoto mia saba, halafu ukaita hiyo ni jumuishi, utakuwa umemwokolea mhasibu fedha na umemfunga mtoto kwenye ukimya. Shule ya Kibos nayo ina kazi yake kwa wasioona, hasa katika miaka ya kwanza ya Breli, wakati vidole vinajifunza nukta sita, ingawa kwa hao daraja la kurudi shule ya kawaida ni fupi zaidi. Ninachokipinga ni kumpeleka mtoto bwenini akiwa na miaka sita kwa sababu tu shule iliyo karibu na kwao haikutaka kujaribu.

Na kujaribu kwenyewe mara nyingi ni jambo la kiasi cha kiti na dirisha. Nilikuwa na msichana mwenye ualbino aliyeambiwa aketi mbele kabisa, kama inavyofundishwa, na bado hakuona kitu. Nilikwenda nikaketi mahali pake saa tatu asubuhi. Jua liliingia kwenye dirisha la kushoto, likapiga ubao uliong'arishwa kwa miaka ya kufutwafutwa, ukawa kioo. Tulimhamishia upande wa pili na mwalimu akapaka ubao rangi nyeusi isiyong'aa. Siku ya pili alisoma sentensi nzima. Gharama yote ilikuwa kopo moja la rangi.

Fedha nyingi bila jicho nazo hupotea. Nimeona shule iliyojengewa njia ya mteremko ya saruji, ikazinduliwa kwa ngoma, na ikaishia kwenye ngazi moja ya inchi tisa mlangoni pa darasa, kwa kuwa fundi hakuambiwa ni ya nini. Nyingine ilikuwa na mteremko mkali hata mimi mwenye miguu miwili niliushika ukuta. Kanuni yake si siri: kwa kila sentimita moja ya kupanda, tandaza sentimita 12 za urefu. Na tafadhali, kabla ya mteremko, tazameni choo. Mtoto wa kiti cha magurudumu anayeshindwa kuingia chooni hunywa maji kidogo asubuhi, saa nane kichwa kinamuuma, na mwalimu anaandika kwamba hana umakini.

Bwana Mwenyekiti, ninayoyaomba leo ni machache, na hakuna hata moja linalosubiri bajeti ya Juni. La kwanza naliomba kwa ofisi ya elimu: mwalimu wa tathmini aruhusiwe kwa maandishi kuingia shule yoyote ndani ya kata zake, na ripoti ya mwezi iwe na safu ya watoto wa shule za binafsi, kwani kisichokuwa na safu hakina nauli. La pili ni kwa wakurugenzi wa shule za Milimani na Riat, ambao baadhi yao tayari wameajiri wataalamu wa matamshi na wa tiba ya viungo. Siku moja kwa mwezi mtuazime wataalamu hao, wakae Nyalenda. Nimezungumza na wawili wenu nje ya ukumbi, na hawakukataa. Kwa walimu wakuu wa shule za umma sina ombi kubwa: yule mwenzenu wa shule ya mabati iliyo jirani, akija na mtoto siku ya asesmenti, asiambiwe kwamba foleni ni ya watoto wenu.

Yule mvulana wa mvua ile alitibiwa. Sikio la kushoto lilirudi kiasi cha kutosha; la kulia halikurudi. Mama mwenye shule alimketisha mbele upande wa kulia wa darasa, sikio jema likielekea kwa mwalimu, na alianza kumwita kwa kugonga dawati badala ya kumgusa bega. Alipofika darasa la tano alihamia shule ya umma, ile ile ya ng'ambo, na faili lake halikumfuata kwa sababu halikuwahi kufunguliwa. Nililifungua siku hiyo, miaka mitatu baadaye.

Karatasi ziko kwenye meza iliyo karibu na mlango. Kila shule iandike idadi ya watoto wanaoshukiwa kuwa na shida ya kuona, kusikia, kutembea, kusema au kujifunza, bila majina, na namba ya simu ya mwalimu mmoja. Wahudumu wa afya wa Nyalenda A na B tutaanza na nyinyi Jumatatu saa mbili asubuhi, tukutane kwa chifu. Mkebe nitakuja nao, na betri za mashine safari hii nimenunua mwenyewe.

Ahsanteni.